Uvumi Ulipokuwa na Mwenyewe

Zamani Pemba neno halikupita bila ya kuulizwa limetoka kwa nani. Mtu akifika barzani Wete baada ya sala ya alasiri, watu wamekaa juu ya saruji, vikombe vya kahawa vinazunguka, akasema meli haiji wiki hii au bei ya karafuu itapanda, swali la kwanza lilikuwa moja tu: "Kakwambia nani?" Akijibu kwamba amesikia tu, watu walirudi kwenye dhumna yao. Akitaja jina, jina lile lilianza kupimwa pale pale. Huyu ana nduguye bandarini Mkoani, basi yumkini kweli. Huyu tangu utoto wake haachi kutia chumvi, basi tungoje. Jambo likiwa zito, la kifo au la ugomvi wa mashamba, palitumwa mtoto akaulize kwa wenyewe, na barza ikasubiri jibu.

Na mzushi alikuwa na adhabu yake. Hakupelekwa popote. Alipachikwa jina la utani, jina likamganda mpaka wajukuu zake wakaitwa kwalo. Siku anayokuja na habari ya kweli, hakuna anayeinua kichwa. Nimewaona wazee wenye heshima kubwa msikitini ambao barzani maneno yao hayakuwa na thamani ya kashata, kwa sababu ya uongo mmoja walioutoa wakiwa vijana.

Sisemi kwamba tulikuwa huru. Hasha. Waliotutangulia walizipitia siku za bakora, baada ya Mapinduzi ya 1964, na watu wazima waliozionja hawakutaka kuzisimulia hata kwa watoto wao. Sisi tuliokuja nyuma tulirithi ule ukimya. Tulijua kwamba si kila aliyekaa barzani kaja kunywa kahawa. Wapo waliokuja kusikiliza na kupeleka. Likitajwa jina la mkubwa, sauti zilishuka, na mzee mmoja angeuliza kwa nguvu habari za mvua. Lakini hata ile khofu ilikuwa na sura. Tulimjua anayepeleka, tulijua anapeleka kwa nani, na mara nyingine tulimpa makusudi cha kupeleka.

Habari za dunia tulizipata redioni, na redio zetu zilikuwa na kazi tofauti. Sauti ya Tanzania Zanzibar tuliisikiliza kwa ajili ya tanzia, maana Mpemba aliyeko Unguja akifa jioni, redio ndiyo iliyotuwahisha kuchimba kaburi. Tuliisikiliza pia kwa hotuba na kwa taarabu. Lakini tulipotaka kujua kilichotokea kisiwani mwetu wenyewe, tulitega mawimbi ya Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza kutangaza 1957, au Sauti ya Ujerumani, iliyoanza 1963. Mtu wa Konde alingoja London imwambie kilichotokea Micheweni, mwendo mfupi wa gari kutoka kwake. Wakati ule hatukuliona jambo hili kuwa la ajabu. Leo nikilitazama naona ndipo ugonjwa ulipoanzia: mwenye habari alikuwa karibu nasi na hakusema, na aliyesema alikuwa mbali.

Mwanzoni mwa 1995 kisiwa kizima kilikosa usingizi kwa ajili ya popobawa, jinni lililosemekana kuwavamia watu usiku. Walioziona siku zile hawahitaji kuelezwa. Watu walitoka majumbani usiku, wakalala nje kwa makundi, wakawasha mioto, wakasoma visomo mpaka alfajiri. Khofu ilitoka Pemba ikavuka kwenda Unguja, na baadaye ikafika Dar es Salaam. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, na wapo walioapa kwamba lile jinni limetumwa na wakubwa wa siasa. Unguja mjini umati ulimuua mtu mmoja, mgonjwa wa akili, kwa kudhaniwa ndiye popobawa.

Kifo kile nakitaja mapema ili mtu asije akanielewa vibaya huko mbele. Uvumi unaua. Uliua kabla hatujawa na simu hata moja ya mkononi, na mtu yule hakurudishiwa roho yake na katiba yoyote yenye kifungu cha uhuru wa maoni. Anayesema serikali haina haki ya kushughulika na uzushi, anasahau kwamba uzushi una watu wanaoulipia. Shauri langu liko kwengine: serikali inaushughulikia vipi, na kipimo chake cha ukweli ni kipi.

Mwaka ule ule, tarehe 22 Oktoba, tulipiga kura. Majimbo yote 21 ya Pemba yalichukuliwa na chama cha upinzani cha CUF, na katika urais wa Zanzibar Dk. Salmin Amour wa chama tawala, CCM, akatangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF. Matokeo yalichelewa siku kadhaa, na katika siku zile za kungoja kila mtu alikuwa na tarakimu zake. Tangu hapo Mpemba akawa na mazoea mapya: kila tarakimu inayotoka juu aliiweka pembeni mpaka apate ya chini.

Ikaja Januari 27, 2001. Ilikuwa Jumamosi. CUF iliitisha maandamano ya kupinga uchaguzi wa mwaka uliotangulia, serikali ikayapiga marufuku, watu wakatoka. Risasi zililia Wete, Chake Chake, Micheweni na mjini Unguja. Micheweni askari polisi naye aliuawa. Zaidi ya watu 2,000 walivuka bahari kwa madau na mashua mpaka Shimoni, Kenya, na Tanzania, nchi iliyozoea kupokea wakimbizi wa majirani, ikawa imetoa wa kwake.

Ninachokikumbuka zaidi ya milio ni ugomvi wa idadi. Serikali ilitaja idadi ndogo ya waliokufa, na aliyetaja kubwa aliitwa mchochezi. Lakini kila kijiji kilikuwa na hesabu yake. Watu walihesabu kwa makaburi, kwa eda za wajane, kwa vitanda vilivyokosa watu. Hesabu zile zilisemwa kwa kunong'ona, mtu na mtu, na kila moja ilikuwa na mwenyewe: fulani bin fulani, wa mtaa fulani, kazikwa siku fulani. Baada ya Muafaka wa pili kati ya CCM na CUF, wa Oktoba 10, 2001, iliundwa tume ya uchunguzi chini ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita, na tume ile ikataja vifo 31. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya 2002, lilisema waliouawa hawapungui 35 na waliojeruhiwa wanazidi 600. Yaani tume ya serikali yenyewe ilipokaa ikasikiliza watu, ilisogea upande wa wale waliokuwa wakinong'ona.

Katika miaka ile tulipata pia gazeti. Dira lilianza mwishoni mwa 2002, gazeti binafsi la kila wiki likihaririwa na Ali Nabwa, mwandishi ambaye kalamu yake haikujua kupiga magoti. Nakala chache zilizofika Pemba zilisomwa mpaka zikachanika kwenye mikunjo. Mmoja alisoma kwa sauti, wengine wakasikiliza, na akifika penye jambo zito aliambiwa arudie. Ndani ya Dira mambo ya 1964 na baada yake, yaliyokuwa yakisemwa ndani ya vyumba tu, yaliandikwa kwa wino na kutiwa jina. Novemba 2003 serikali ililifungia, kwa kutumia sheria ya usajili wa magazeti ya 1988. Habari zilizokuwa na mwandishi, mhariri na anuani zikarudi tena kuwa minong'ono.

Mwaka 2011 ugomvi wa idadi ulirudi kwa njia chungu kuliko zote. Usiku wa kuamkia Septemba 10, meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikiwa safarini kutoka Unguja kuja Pemba. Walikuwamo watu waliokuwa wakirudi makwao baada ya Ramadhani na sikukuu, wanafunzi wa skuli, kina mama na watoto wachanga. Katika kisiwa chetu hapakuwa na mtaa usio na msiba. Orodha ya abiria ilionyesha mamia tu. Maiti zilizopatikana zilikuwa 203. Lakini Pemba kila ukoo ulikuwa ukihesabu wa kwao ambao hawakuonekana, si miongoni mwa waliookolewa wala miongoni mwa waliozikwa, na ukijumlisha koo tatu nne tu za kijiji kimoja unajua kwamba tarakimu za siku zile za mwanzo haziwezi kutosha. Waliosema hivyo waliambiwa wanakuza mambo. Tume ya uchunguzi ilipomaliza kazi yake, ilikuta kwamba waliokuwamo melini walizidi 2,000, na kwamba waliokufa na kupotea walizidi 1,000. Watu wa Pemba hawakushangaa. Walikuwa wameshajua tangu wiki ya kwanza, kwa hesabu ya hitima.

Nimeyapanga haya kwa makusudi, kwa sababu kipindi kile ndipo simu ilipokuwa ikiingia kwa nguvu. Mwaka 2010 tulifikiwa na umeme wa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, tukaagana na majenereta yaliyokuwa yakizimika kila uchao. Umeme ukaleta chaji, chaji ikaleta simu, na simu janja zikafuata. Kufumba na kufumbua kila ukoo ulikuwa na grupu lake la WhatsApp: wa Kojani walioko Dar es Salaam, wa Mtambwe walioko Muscat na Dubai, wa Chake Chake walioko Uingereza. Barza ikahamia mkononi. Nami nilifurahi kama wengine. Kifo kikitokea Ole saa mbili za usiku, ndugu aliyeko ng'ambo alipata habari kabla ya maiti kukoshwa.

Lakini simu ilikuja na kitu ambacho hatukukitilia maanani: neno lilianza kutembea bila ya mwenyewe. Sauti iliyorekodiwa inafika, ya mwanamme asiyejulikana, anasema kwa hamaki jambo la kutisha, na chini yake pana alama kwamba imeshapitishwa mara nyingi. Ukimuuliza aliyekutumia kaipata wapi, anakwambia kwenye grupu. Grupu gani? La wengine. Picha ya maiti wa nchi nyingine inaletwa ikaambiwa ya Micheweni. Lile swali la barzani, kakwambia nani, halina pa kutua.

Hapo ndipo ilipokuja sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilitiwa saini na Rais Jakaya Kikwete mwaka 2015 na ikaanza kutumika Septemba 1, majuma machache kabla ya uchaguzi mkuu wa Oktoba 25. Kinyume na sheria nyingi za habari, ambazo Bara ina zake na Zanzibar ina zake, hii ilivuka maji ikatufunga sote. Kifungu chake cha 16 kinamtia hatiani anayesambaza kwa kompyuta au simu taarifa anazozijua kuwa za uongo au za kupotosha, na adhabu iliyoandikwa ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Milioni 5! Mchumaji wa karafuu ahesabu mwenyewe misimu mingapi atapanda mikarafuu apate kulipa sentensi moja aliyoipitisha akiwa kitandani.

Uchaguzi ulipofika, vijana waliokuwa wakijumlisha matokeo kwa niaba ya upinzani jijini Dar es Salaam walikamatwa na kushtakiwa kwa sheria hiyo. Huku kwetu, tarehe 28 Oktoba, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, aliufuta uchaguzi wa Zanzibar. Uchaguzi wa marudio ukafanywa Machi 20, 2016, na CUF ikaususia. Kuelekea siku hiyo kijana wa Bara, Bob Chacha Wangwe, aliandika Facebook maneno yaliyosema Zanzibar imefanywa koloni. Akashtakiwa kwa kifungu cha 16, na Novemba 2017 Mahakama ya Kisutu ikamhukumu kulipa milioni 5 au kwenda jela miezi 18. Mahakama Kuu baadaye ikaifuta hukumu ile. Nilipoisoma kesi yake nilijiuliza: neno koloni, katika mdomo wa mwanasiasa, linapimwa vipi kuwa kweli au uongo? Barzani Pemba neno lile limejadiliwa tangu sijaota ndevu, watu wakabishana, wakanuniana, wakapatana magharibi ilipoadhiniwa. Hakuna aliyedhani kwamba linaweza kupelekwa mahakamani likakaguliwa kama mzani wa dukani.

Oktoba 2020 mambo yakarudi palepale. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliamuru huduma za kutuma ujumbe wa simu kwa wingi zisitishwe kuanzia Oktoba 24 mpaka Novemba 11. Siku moja kabla ya kura ya Oktoba 28, Twitter na WhatsApp zikawa hazifunguki. Katika siku zizo hizo ACT-Wazalendo, chama ambacho Maalim Seif alikuwa amehamia, kilisema watu wamepigwa risasi na kuuawa Pemba. Jeshi la Polisi likakanusha. Basi tukabaki tena na hesabu mbili, ya juu na ya chini, na safari hii hata njia ya kuzilinganisha ilikuwa imezibwa. Waliokuwa na VPN walipenya, wasiokuwa nayo walisubiri mtu atoke mjini.

Miezi iliyofuata ndiyo iliyonifunza zaidi kuliko miaka yote niliyoitaja. Serikali ya Muungano ilikuwa imeacha kutoa takwimu za korona tangu Aprili 2020. Januari 31, 2021 ACT-Wazalendo ikatangaza wazi kwamba Maalim Seif, wakati huo Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ameugua korona. Ilikuwa habari yenye mwenyewe: chama kimesema, kwa jina lake, juu ya kiongozi wake. Maalim alifariki Muhimbili Februari 17, akazikwa kwao Mtambwe. Pemba ililia, lakini haikubabaika. Hakuna aliyekuja na hadithi ya kwamba yu hai kafichwa, kwa sababu watu walikuwa wameambiwa ukweli mapema.

Linganisha na yaliyotokea wiki chache baadaye. Rais John Magufuli hakuonekana hadharani tangu mwisho wa Februari. Watu wakauliza. Machi 12 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, akiwa Njombe, aliwaambia Watanzania kwamba Rais ni mzima na anaendelea na kazi. Watu kadhaa wakakamatwa kwa kusambaza habari za ugonjwa wake. Usiku wa Machi 17 Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kwamba Rais amefariki. Katika msiba wa kwanza ukweli ulisemwa na fitina ikakosa chakula. Katika wa pili ukweli ulizuiliwa, na uvumi ukawa ndio uliokaribia ukweli kuliko taarifa rasmi.

Mkasa mmoja wa mtaani kwetu siusahau. Kijana fundi wa pikipiki alipitisha sauti iliyomfika, kama anavyopitisha kila kitu, kuanzia mawaidha mpaka vichekesho. Akaitwa katika kituo kimoja cha polisi, akaulizwa kaitoa wapi, simu ikabakishwa. Hakushtakiwa. Ilipita miezi akawa anakwenda na kurudi kuidai simu yake, na humo ndani mlikuwa na namba za wateja wake wote. Alipoipata, alijitoa kwenye magrupu yote, hata la ukoo. Ukimuuliza leo bei ya petroli, anakutazama kwanza kulia na kushoto. Kilichonishangaza ni pale mamake aliponiambia, "Mwanangu alisema kwa jina lake, na picha yake iko pale juu. Yule aliyeizua hajulikani mpaka kesho."

Mama yule alisema kwa sentensi mbili kile ambacho wanasheria wanakiandikia kurasa. Sheria imekwenda kumtafuta msemaji, na msemaji akajifunza kujificha. Vijana wenye jambo la kweli la kusema, juu ya dawa zisizofika hospitali au kura iliyopotea, sasa wanalisema kwa akaunti zisizo na jina, pamoja na wazushi ambao tangu hapo hawakuwa na jina. Wote wamevaa barakoa moja. Msomaji hana njia ya kumjua mkweli, maana alama aliyokuwa akimjua nayo, jina na sura na ukoo, imekuwa ushahidi wa kumfungia. Tulikuwa na uvumi wenye wenyewe. Sheria imetuachia uvumi yatima.

Mwaka 2025 yalizidi. Mtandao wa X ulifungwa tangu Mei. Oktoba 29, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima, na ilikaa siku kadhaa wakati Bara damu ikimwagika. Wapemba wenye watoto vyuoni na madukani Dar es Salaam walikaa siku hizo wakipiga simu za kawaida usiku na mchana, wengine wakijibiwa, wengine wakisikia mlio tu. Intaneti iliporudi, watu walipokea ujumbe wa polisi wa kuwaonya kwamba kusambaza picha za kuleta taharuki ni kosa. Novemba Rais Samia akaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Mtu wa Pemba aliposikia neno tume, hakucheka wala hakupiga makofi. Alikumbuka Mbita, alikumbuka Spice Islander, akajua kwamba kazi ya tume ya kweli ni kuwauliza wale ambao jana walikuwa wakikatazwa kusema.

Afrika Mashariki haikukaa kimya juu ya sheria za namna hii. Machi 28, 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki ilisema kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya Bara ya 2016, vikiwemo vya uvumi na taarifa za uongo, vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikifuta kifungu cha 25 cha sheria yao ya matumizi mabaya ya kompyuta, kilichokuwa kikiwapeleka watu jela kwa maneno ya mtandaoni yaliyohesabiwa kuwa ya kuudhi. Kampala haikuungua. Kwetu Zanzibar, Katiba ya 1984 inatupa haki ya kutoa maoni katika kifungu cha 18, lakini imeitangulizia sharti la kutoathiri sheria za nchi, na sheria zenyewe ni ile ya magazeti ya 1988 na ile ya utangazaji ya 1997. Waandishi wa Unguja na Pemba wamedai sheria mpya ya habari kwa miaka mingi. Rasimu zimeandikwa, warsha zimefanywa, chai imenyweka, na sheria bado.

Ninayoyataka ni machache, na hakuna lililo geni kwa mtu aliyewahi kukaa barzani. Baraza la Wawakilishi lilete sheria mpya ya habari na liondoe sharti lile linaloimeza haki kabla haijatumika. Bunge la Muungano likirudie kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao, kosa libaki kwa anayezua kwa makusudi jambo linalomdhuru mtu, kama lilivyomdhuru yule mgonjwa wa 1995, na si kwa anayekosea hesabu au kumwita mkubwa jina asilolipenda. Kila tume ya uchunguzi itoe ripoti yake yote kwa Kiswahili, isomwe redioni, ipatikane kwa kila sheha, ili mtu wa Kengeja aone kama jina la nduguye limo. Na pakitokea msiba, mwenye habari azungumze siku ile ile, hata kama anachoweza kusema ni kidogo.

Nanyi vijana, wenye simu mikononi, msingoje serikali ibadilike ndipo mrudishe lile swali. Likikufikia neno la kutisha, muulize aliyekutumia: kakwambia nani? Akiwa hana jibu, neno hilo liishie kwako. Na ukiwa na la kweli, lililoonekana kwa macho yako, liseme kwa jina lako, mbele ya watu watakaokujua na kukusimamia. Katika miaka hii yote, kisiwa hiki hakikuhasirika kwa watu waliosema wazi walichokijua. Kilihasirika kwa waliokijua na wakanyamaza, na kwa sheria zilizowalipa kwa kunyamaza.